Kuotesha Mizizi ya Vipandikizi kwa Homoni: Mwongozo kwa Anayeanza

Maswali ni yale yale kila msimu. "Nimepaka poda ya mizizi, mbona kipandikizi kimeoza?" "Nikichovya mara mbili, si mizizi itatoka haraka zaidi?" "Miche yangu imedumaa, niimwagilie homoni ili mizizi irefuke?" Maswali haya matatu yana mzizi mmoja: wengi wanaichukulia homoni kama mbolea, kwamba ukizidisha utavuna zaidi. Homoni hailishi mmea. Inaipa seli amri ya kuanza kazi fulani, na amri hiyo ikiendelea kutolewa baada ya kazi kuanza, inaharibu kilichokwisha kuanza. Ukilishika hilo, hatua zote za hapa chini zitakuwa na maana kwako, na hata ukikutana na mmea ambao sikuutaja utajua pa kuanzia.

Mwongozo huu unahusu kipandikizi cha shina, yaani kipande cha tawi unachokikata ili kitoe mizizi yake chenyewe. Hauhusu kuunganisha matawi wala kuotesha mbegu.

Elewa haya kwanza

Homoni kubwa ya mizizi ni oksini. Mmea unaitengeneza wenyewe, hasa kwenye ncha za matawi na majani machanga, kisha unaishusha chini seli kwa seli, kwa mwendo wa takriban sentimita moja kwa saa. Inashuka kuelekea upande wa mizizi tu, kwa sababu kila seli ina milango ya kuitolea upande wa chini. Ukikata tawi, oksini inayoshuka inafika kwenye jeraha na kukosa pa kupita. Inajikusanya hapo. Seli zilizo karibu na kambiamu, ule utando mwembamba wenye utelezi kati ya ganda na mti, zinaacha kazi yake ya zamani, zinaanza kugawanyika, na baadaye zinajipanga kuwa ncha ya mzizi mpya. Poda unayonunua inaongeza tu nguvu ya amri ambayo mmea ulishaanza kujipa.

Sasa sehemu ambayo wengi hawaambiwi. Oksini ile ile inayoanzisha mzizi ndiyo inayouzuia kurefuka ikiwa nyingi. Kwenye shina, oksini huifanya seli isukume asidi kwenye ukuta wake. Ukuta unalegea, maji yaliyomo ndani yanausukuma, na seli inarefuka. Mzizi nao unahitaji oksini ili uishi, lakini kiasi chake ni kidogo mno. Kikizidi hapo, seli za mzizi zinaacha kurefuka. Unaweza kuliona jambo hili kwa macho. Chukua mbegu ya maharage iliyokwisha kutoa mzizi, ilaze ubavu juu ya karatasi yenye unyevu ndani ya chombo kilichofunikwa, uiache gizani hadi kesho yake. Ncha ya mzizi itakuwa imepinda kuelekea chini. Punje nzito za wanga zilizo kwenye kofia ya mzizi huzama upande wa chini, oksini inaelekezwa huko, upande huo unapunguza kasi ya kurefuka, wa juu unaendelea, na ncha inainama. Kwenye shina lililolala oksini hujaa upande wa chini vivyo hivyo, ila huko inaharakisha, ndiyo maana shina huinuka.

Homoni nyingine nne nitazipitia haraka, maana utakutana na majina yake kwenye chupa.

Sitokinini hutengenezwa zaidi kwenye ncha za mizizi na kupanda juu. Mwaka 1957 wanasayansi Folke Skoog na Carlos Miller walionyesha kwa tishu za tumbaku kwamba uwiano ndio unaoamua: oksini ikizidi sitokinini, tishu hutoa mizizi, sitokinini ikizidi, hutoa machipukizi, zikilingana, unabaki na donge la seli lisilo na umbo. Jiberelini hurefusha mashina na, kwa mimea mingi, huzuia mizizi mipya kuanza. Ethilini ni gesi. Inasaidia vinyweleo vya mizizi kutoka, lakini ikinaswa kwenye udongo uliojaa maji inafupisha mizizi. Asidi ya absisiki ni homoni ya shida: mmea ukikaukiwa inafunga vitundu vya majani, na usanisi wa chakula unapungua.

Hiyo ndiyo nadharia yote utakayoihitaji.

Andaa vitu hivi kabla ya kugusa mmea

- Mmea mama wenye afya, ulionyweshwa vizuri siku moja kabla.
- Kisu au mkasi wa kupogolea, mkali sana. Makali butu yanaponda seli zile zile unazotaka zitoe mizizi.
- Spiriti ya kusafishia makali.
- Homoni: poda au maji yenye IBA au NAA (aina mbili za oksini zinazouzwa), au zote mbili.
- Kijichombo cha kumiminia homoni kidogo unachokitumia siku hiyo.
- Udongo wa kuoteshea: mchanga mkubwa uliooshwa ukichanganywa na kokopiti (unga wa makumbi ya nazi) au perlaiti (chembe nyeupe nyepesi za mawe), nusu kwa nusu. Usiweke mbolea.
- Vyungu au trei zenye matundu chini.
- Mfuko wa nailoni angavu au kifuniko cha kushika unyevu hewani.
- Kijiti chenye unene kuzidi kipandikizi kidogo.
- Lebo na kalamu isiyofutika.
- Glovu, na kitambaa cha kufunika pua kama unatumia poda.

Neno kuhusu homoni zenyewe. IAA ndiyo oksini ya asili ya mmea, lakini nje ya mmea inaharibika upesi kwa mwanga na vijidudu, ndiyo maana huikuti sana kwenye bidhaa za bustani. IBA, kwa kirefu asidi ya indoli-butiriki, inadumu zaidi, na ikishaingia kwenye tishu sehemu yake hugeuzwa kuwa IAA polepole. Uwezo wake wa kuanzisha mizizi ulitangazwa na watafiti Zimmerman na Wilcoxon mwaka 1935, na hadi leo ndiyo inayotumika zaidi vitaluni. NAA ina nguvu zaidi kwa kiasi kile kile, hivyo inaunguza tishu laini kwa urahisi. Kama ndiyo kwanza unaanza, tafuta IBA.

Soma kibandiko. Chupa nyingi zenye maneno kama "kichocheo cha mizizi" ni mbolea yenye fosforasi na mwani, hazina IBA wala NAA. Huenda zikaufaa mche wenye mizizi tayari. Kwa kipandikizi kisicho na mzizi hata mmoja, hazichukui nafasi ya oksini.

Chagua dozi kwa ugumu wa tawi

Hapa ndipo ninapoomba utulie. Dozi inafuata hali ya tawi zaidi ya jina la mmea.

Tawi laini ni la kijani, linavunjika kwa mlio ukilikunja: ncha za krisanthemamu, mimea ya ndani, mimea ya viungo. Tumia poda ya IBA ya asilimia 0.1, au maji ya miligramu 500 hadi 1000 kwa lita.

Tawi la nusu-ugumu limeanza kuwa na ganda la kahawia chini lakini ncha bado ni ya kijani: haibiskasi, bogenvilia, waridi, jamii ya malimau. Poda ya asilimia 0.3, au maji ya miligramu 1000 hadi 3000 kwa lita.

Tawi gumu limekomaa, ni mti kamili: mzabibu, mtini, mkomamanga. Poda ya asilimia 0.8, au maji ya miligramu 3000 hadi 5000 kwa lita.

Ukiwa katikati ya makundi mawili, anza na dozi ndogo. Dozi pungufu inachelewesha. Dozi iliyozidi inaua seli, na seli iliyokufa haina dawa.

Kuna mimea isiyohitaji homoni kabisa. Mnanaa, koleasi na viazi vitamu vitatoa mizizi hata kwenye glasi ya maji, kwa kuwa oksini yao wenyewe inatosha. Kwa upande wa pili, mwembe na mparachichi ni wagumu mno kwa kipandikizi, hasa tawi likitoka kwenye mti mzee, vitaluni huunganishwa. Minazi na mitende usijaribu. Haina kambiamu wala matawi ya kukata, na hakuna poda itakayobadilisha hilo.

Kama unachanganya mwenyewe

IBA halisi haiyeyuki vizuri kwenye maji. Kwa mililita 100 za maji ya miligramu 1000 kwa lita, pima miligramu 100 za IBA, ziyeyushe kabisa kwenye mililita 50 za ethanoli, kisha ongeza maji yaliyochujwa kidogo kidogo huku ukikoroga hadi ifike mililita 100. Ukitaka miligramu 3000 kwa lita, pima 300. Maji yakigeuka meupe kama maziwa, IBA imejitenga. Ongeza ethanoli kidogo mpaka yang'ae tena, na ujue kwamba nguvu imepungua kiasi hicho. Ipo pia chumvi ya potasiamu ya IBA, ambayo inayeyuka kwenye maji matupu, nami ninaipendelea kwa matawi laini kwa sababu ethanoli yenyewe hukausha tishu changa.

Ethanoli inawaka moto. Fanya kazi mbali na jiko, mahali penye hewa. Ziba chupa, andika tarehe na nguvu yake, ihifadhi kwenye baridi na giza, mbali na chakula na watoto.

Usijaribu kupima miligramu 100 kwa kijiko. Kama huna mizani ya maabara, nunua iliyokwisha kupimwa.

Hatua kwa hatua

1. Kata asubuhi mapema, tawi likiwa limejaa maji. Chagua tawi lisilo na ua wala kikonyo cha ua. Tawi lenye maua linapeleka chakula kwenye maua, na hutoa mizizi kwa shida. Kama halipo jingine, ondoa maua yote.

2. Pendelea matawi machanga ya mmea mchanga, na yale yanayochipua karibu na shina chini. Uwezo wa kutoa mizizi unashuka kadiri mti unavyozeeka, na homoni hairudishi ujana wote. Ukipogoa mti mzee kwa nguvu, machipukizi mapya yatakayofuata ndiyo ya kukata.

3. Futa makali kwa spiriti. Kata kipande cha sentimita 10 hadi 15 chenye vifundo (mahali jani linapotokea) viwili hadi vinne. Mkato wa chini uwe wa kunyooka, chini kidogo ya kifundo. Wa juu, kama umeondoa ncha, uwe wa mshazari, juu kidogo ya kifundo. Mikato hiyo miwili tofauti ni alama yako. Matawi yaliyokwisha kupukutisha majani yanageuzwa juu chini kirahisi, na oksini haitageuka nayo: itaendelea kujikusanya upande uliokuwa chini tangu mwanzo, ambao sasa uko hewani.

4. Ondoa majani ya nusu ya chini. Acha mawili hadi manne juu. Yakiwa mapana, yakate nusu kwa upana. Usiyaondoe yote kwenye tawi laini au la nusu-ugumu. Jani ndilo linalotengeneza sukari ya kujengea mzizi, na majani machanga ndiyo yanayoendelea kushusha oksini baada ya poda yako kuisha nguvu.

5. Kwa tawi la nusu-ugumu na gumu, kwangua ganda kwa urefu wa sentimita 1 hadi 2 upande mmoja chini, mpaka uone kijani cheupe. Usichimbe mti wenyewe. Jeraha hilo linafungua njia ya homoni kufika kambiamu, na linaamsha seli za hapo zigawanyike.

6. Mimina homoni ya kutosha kazi ya leo kwenye kijichombo. Kamwe usichovye kipandikizi kwenye chupa kuu. Utomvu na vijidudu vitaingia na kuiharibu yote. Itakayobaki kwenye kijichombo imwage, usiirudishe.

7. Chovya. Kwa poda: lowesha kidogo sentimita moja au mbili za chini, kung'uta maji, chovya, kisha gonga kipandikizi ubavuni ili poda ya ziada idondoke. Unataka vumbi jembamba, usiache tabaka. Kwa maji yenye nguvu nilizotaja: sekunde 5, basi. Hesabu kwa sauti ikibidi. Vipandikizi vingi vifunge pamoja, ncha za chini zikiwa sawasawa, ili vyote vizame kina kimoja.

8. Kama maji yako yana ethanoli, acha vipandikizi vikauke hewani dakika chache kivulini. Kisha toboa shimo kwa kijiti, ingiza kipandikizi hadi angalau kifundo kimoja kiwe chini ya udongo, na ubane udongo kwa vidole. Ukikisukuma moja kwa moja kwenye mchanga, poda inafutwa yote na kubaki juu. Hili ndilo kosa la kawaida kuliko yote, nalo linafanya watu waamini kwamba poda yao ni bandia.

9. Panda pia vipandikizi vichache visivyo na homoni, kwenye trei ile ile, ukiviwekea lebo. Ninakusihi usiruke hatua hii. Bila hivyo hutajua kama mizizi uliyopata imetokana na homoni au mmea ungeitoa wenyewe, na msimu ujao utaendelea kutumia fedha kwa imani tu.

10. Nyunyiza maji, funika kwa nailoni isiyogusa majani, weka penye mwanga mwingi usio wa jua la moja kwa moja. Udongo uwe na joto la nyuzi 21 hadi 25 za Selisiasi. Hewa ya juu ikiwa na ubaridi kidogo kuliko udongo ni vizuri zaidi: macho yanachelewa kuchipua, mizizi inatangulia.

11. Siku chache za kwanza ndizo ambazo seli zinapokea amri. Baada ya hapo kazi inayobaki ni ya sukari, hewa na unyevu. Usichovye tena, usimwagilie homoni. Funua mara moja kwa siku hewa ibadilike, na mwagilia pale tu sehemu ya juu ya udongo inapoanza kukauka.

12. Usivute kipandikizi kuangalia. Mizizi michanga inakatika kwa kuguswa. Kuanzia wiki ya pili au ya tatu kwa matawi laini, na wiki ya nne hadi ya nane kwa magumu, gusa juu kwa kidole ukisukuma taratibu ubavuni. Kikikataa kuyumba, kimeshika. Mizizi kutokea kwenye matundu ya chini ni ushahidi bora kuliko jani jipya.

13. Mizizi ikifika sentimita 3 hadi 5 na kuanza kugawa ya pembeni, hamishia kwenye udongo wenye rutuba. Fungua nailoni kwa hatua, saa chache zaidi kila siku kwa muda wa wiki moja hivi, kwa sababu majani yaliyolelewa kwenye unyevu hayajazoea kufunga vitundu vyake.

Tahadhari ambazo zinarudiwa kila mara

Usiongeze dozi kwa haraka. Kama unataka kuona oksini ikizidi inafanya nini, kumbuka kwamba 2,4-D, dawa maarufu ya kuulia magugu ya majani mapana, ni oksini ya kutengenezwa. Inaua kwa kuzilazimisha seli zikue bila mpangilio. Kwa sababu hiyo hiyo, bomba lililowahi kubeba dawa hiyo lisiingie kamwe kwenye kitalu chako, hata ukilisuuza.

Usinunue jiberelini wala sitokinini kwa ajili ya vipandikizi. Ni homoni nzuri kwa kazi zake, lakini hapa zinavuta upande mwingine. Maji ya dafu yana sitokinini, ndiyo maana yalipata umaarufu kwenye maabara za kukuzia tishu. Si mbadala wa IBA.

Asali na mdalasini havina oksini. Vinaweza kupunguza vijidudu kwenye jeraha, na hilo lina faida yake, lakini mmea mgumu hautatoa mizizi kwa ajili yake. Aspirini nayo haina oksini.

Poda ya zamani iliyoachwa wazi juani imekufa. Ikiwa imeshikana mabonge au imelowa, itupe.

Na kuhusu lile swali la miche iliyodumaa: usiimwagilie IBA. Ina mizizi tayari, na oksini ya ziada kwenye udongo itaifupisha. Ukitaka mizizi mingi ya pembeni, acha mzizi mkuu ufike kwenye tundu la chungu na kukauka ncha hewani, au ikate ncha wakati wa kuhamisha. Ncha ya mzizi ndiyo inayotoa sehemu kubwa ya sitokinini, na sitokinini huzuia mizizi ya pembeni isianze. Ncha ikiondoka, oksini inayoshuka kutoka kwenye majani inapata nafasi.

Ikienda vibaya

*Kitako kimekuwa cheusi na laini, kinanuka, na weusi unapanda juu.* Huo ni uozo. Udongo umelowa kupita kiasi, makali yalikuwa machafu, au kulikuwa na mbolea. Toa kilichooza mara moja kabla hakijaambukiza wenzake, ongeza mchanga au perlaiti, punguza maji.

*Kitako ni cheusi lakini kikavu, na weusi umeishia pale pale ulipochovya.* Umekiunguza kwa homoni. Wakati mwingine mizizi hutoka juu ya mstari huo, basi kiache kwa wiki chache. Mara nyingine punguza dozi kwa nusu, au hesabu sekunde vizuri.

*Kuna donge jeupe lakini hakuna mzizi.* Donge ni seli zilizogawanyika bila kupokea amri ya kuwa mzizi. Mara nyingi udongo ni baridi au tawi limekomaa mno. Pandisha joto la udongo na usubiri. Donge likikua hadi kuwa kubwa kuliko unene wa tawi, kata kitako upya juu yake na uanze tena, kama urefu unaruhusu.

*Mizizi ni mingi, minene, mifupi, na hairefuki.* Oksini imebaki nyingi. Hakuna kilichokufa. Hamishia kwenye mchanganyiko mpya usio na poda, kwa uangalifu, na uendelee na unyevu wa kawaida. Kadiri tishu zinavyoivunja oksini, urefu hurudi.

*Mizizi imetoka upande mmoja tu.* Ulikata kitako kwa mshazari, ulikwangua upande mmoja, au poda ilishika upande mmoja. Kwa mche wa bustani haina neno. Kwa mti utakaosimama na kupambana na upepo, kwangua pande mbili msimu ujao.

*Majani mapya yamechipua, kisha kipandikizi kizima kimenyauka.* Macho yalifunguka kwa akiba ya chakula iliyokuwa ndani ya tawi, mizizi haikuwepo. Juu palikuwa na joto kuliko chini. Ukiona machipukizi mengi mapema, punguza, bakiza moja au mawili.

*Majani yote yamedondoka siku chache baada ya kupanda.* Kipandikizi kilikaukiwa kabla hujakifunika, au kilifungiwa na majani yanayooza, ambayo hutoa ethilini, na gesi hiyo huangusha majani. Safisha trei kila unapofunua. Tawi gumu linaweza kuchipua tena. Lile laini kwa kawaida halirudi.

*Vile vya maji kwenye glasi vimetoa mizizi mizuri, vikafa udongoni.* Mizizi iliyokulia majini ni dhaifu, ina vinyweleo vichache, na haijazoea kutafuta maji kati ya chembe za udongo. Vihamishe mapema, mizizi ikiwa ya sentimita 2 au 3, na udongo ukae na unyevu mwingi wiki ya kwanza.

*Visivyo na homoni vimetoa mizizi sawa na vyenye homoni.* Basi mmea huo hauhitaji poda. Andika jina lake kwenye daftari lako, na poda uitunze kwa ajili ya mzabibu au haibiskasi.

*Hakuna hata kimoja kilichotoa, vyenye homoni wala visivyo nayo, lakini bado ni vya kijani.* Kwangua ganda kidogo kwa ukucha. Kukiwa na kijani chini yake, subiri, maana mimea mingine ni ya miezi. Kukiwa na kahawia, rudi kwenye hatua ya pili: tafuta tawi changa zaidi kabla hujafikiria kubadilisha homoni.